Mkono Uliosuka Koili ya Kwanza

Sura ya Nne

Wakili aliiweka koili juu ya gazeti, katikati ya meza, akasogea nyuma hatua moja kama mtu aliyeletewa samaki asiyejua amevuliwa lini.

"Itazame mwenyewe, Inspekta. Mimi nimeshaona ninachohitaji kuona. Imesukwa kwenda kulia."

Mpelelezi alikuwa ameacha kazi ya polisi miaka minne iliyopita, lakini cheo kilibaki midomoni mwa watu, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alivaa miwani, akavuta kiti.

Ilikuwa pete ya waya wa shaba, upana wa sahani ya chakula, mizunguko mia moja iliyobanwa kwa uzi. Kando yake kulikuwa na vipande viwili vya plastiki iliyokuwa ikiifunika, vilivyopasuliwa kwa msumeno mwembamba mbele ya mashahidi. Siku mbili nyuma koili hiyo ilikuwa bado ndani ya mashine namba moja ya karakana ndogo inayotengeneza ditekta, zile mashine za kusakia metali ambazo watu wa kawaida huzipitisha juu ya mchanga na viwanja vya zamani siku za mapumziko, wakitafuta sarafu, vifungo na pete zilizopotea. Mwanzilishi wa karakana alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita. Wosia wake ulikuwa mfupi: theluthi mbili za karakana kwa mke wake, theluthi moja "kwa mkono uliosuka koili ya mashine namba moja." Jina hakuliandika.

Mikono miwili ilikuwa imejitokeza. Mmoja ulikuwa wa mdogo wa marehemu, anayeshinda ofisini. Wa pili ulikuwa wa mwanamke anayesimamia chumba cha koili, ambaye karakana nzima humwita Mashoto kwa sababu hana kazi anayoifanya kwa mkono wa kulia.

"Mashoto ameapa kwamba aliisuka kwenda kushoto, kama anavyosuka zote," wakili alisema. "Na hii, ukiiweka ncha ya kuanzia chini, imepanda kwenda kulia. Basi. Kesho saa tatu asubuhi natia saini."

"Na Mashoto?"

"Mdogo wa marehemu hajaficha. Akishapata theluthi yake anakuwa msimamizi, mjane ameshakubali, na siku hiyohiyo Mashoto anatoka. Mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyekutwa amesema uongo mbele ya wakili. Nani atamwajiri?" Wakili alijikuna shingo. "Nimemfahamu miaka mingi. Ndiyo maana nimekuita. Ushahidi ninao, usingizi ndio sina."

"Mashine ilikuwa wapi kabla ya kuletwa kwako?"

"Kwenye kabati la kioo, sebuleni kwa marehemu. Na kabla hujauliza, mdogo mtu alikwenda kule wiki iliyopita akaomba aifute vumbi. Alikaa nayo peke yake nusu saa. Kasema mwenyewe."

"Kuna mtu anayejisemea jambo kama hilo?"

"Mjinga. Au asiye na hatia."

"Au mjanja," mpelelezi alisema.

Alichukua kioo cha kukuzia, akaifuata koili polepole kwa jicho mpaka pale waya unapotoka kwenda kwenye mpini. Hapo, chini ya gundi iliyokauka, waya haukutoka moja kwa moja. Ulirudi nyuma, ukafanya kitanzi kidogo cha ukubwa wa shanga, ukabanwa kwa uzi mara mbili, ndipo ukaendelea. Alikichora kitanzi hicho kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

*

Chumba cha koili kilikuwa na dirisha moja kubwa, meza ndefu, na wanawake watano walioketi bila pete, bila bangili, bila saa. Kila mmoja alikuwa na ubao wenye vigingi vya mti vilivyopangwa duara, na waya ulipita vidoleni mwao kama uzi kwa mshonaji. Msichana mmoja alikalia kreti iliyopinduliwa, ingawa pembeni kulikuwa na kiti kizuri chenye mto.

"Karibu, dada," Mashoto alisema bila kuinua kichwa. "Saa yako iache mlangoni. Humu hata pini ya nywele ni mgeni mbaya. Sabini na nane, sabini na tisa. Ngoja nifike."

Mpelelezi alingoja. Mkono wa kushoto wa mwanamke yule ulizunguka vigingi bila haraka na bila kusita. Alipofika mia moja aliukunja waya, akatengeneza kitanzi kidogo, akakifunga kwa uzi mara mbili, akaukata. Wakati wote huo macho yake yalikuwa kwa mgeni.

"Haya, uliza. Najua umekuja kuniuliza kwa nini nimedanganya."

"Nimekuja kuuliza mlivyoanza."

Mashoto akacheka kidogo. "Tulianza kwa njaa, kama watu wote. Kaka alikuwa fundi redio." Kaka alikuwa marehemu, hakuna aliyewahi kumsikia akimwita vinginevyo. "Mimi nilikuwa mlango wa pili, nasuka mota za feni. Siku moja anakuja na mchoro wa mashine, ananiambia, dada, wewe uliyezoea kuzungusha waya, nizungushie huu. Mdogo wake alishajaribu mara mbili. Moja ililia hata ilipoelekezwa mawinguni. Ya pili haikulia kabisa. Mimi nikasuka kwenye sahani ya plastiki, kwa waya tulioutoa kwenye transfoma mbovu. Ikalia. Kaka akatoka nje, akaitafutia msumari barabarani, akaupata, akaupiga busu. Msumari!"

"Mdogo wake anasema ni yake."

"Yule amekuwa mdogo wa mtu maisha yake yote. Lazima siku moja naye awe wa kwanza."

Wasichana walicheka. Mpelelezi aliashiria kile kiti. "Mbona hakikaliwi?"

"Cha mlinzi hicho," mmoja alinong'ona kwa sauti iliyosikika na wote.

"Funga mdomo wako," Mashoto alimwambia. "Ni cha Mama, mke wa kaka. Zamani alikuwa anakuja kukaa nasi. Mwenye nyumba akikaa humu mnasema analinda, asipokaa mnasema anaringa. Endelea kuhesabu."

Mpelelezi alichukua koili iliyokwisha, akaigeuza. "Na hiki kitanzi?"

"Tunakiita pumzi. Waya ukivutwa unapata pa kupumulia, haukatiki kwenye lehemu."

"Mmeanza nacho tangu mwanzo?"

"Wapi! Tangu mwaka wa nne. Kuna mwalimu mmoja, Mungu ampe umri, mwenye mashine namba saba. Alikuja hapa mashine imemfia mkononi, akatutukana kwa lugha safi kabisa, neno moja chafu hamna. Kuanzia siku ile hakuna koili inayotoka humu bila pumzi. Mkono wenyewe unakifanya, mimi nakikumbuka kikiwa kimeshafungwa."

Mpelelezi alifungua daftari. Aliandika anwani ya mwalimu, akachukua saa yake mlangoni.

*

Mwalimu mstaafu aliishi nyuma ya shule aliyoifundisha. Mashine namba saba ilitundikwa ukutani sebuleni, juu kuliko picha ya arusi.

"Mke mwenza wangu huyo," mke wa mwalimu alisema, akimwonyesha mpelelezi mashine ile kwa kidevu. "Mimi anaumwa mgongo kunibebea ndoo. Huyo anambeba kutwa nzima, haumwi."

"Huyu halalamiki," mwalimu alisema.

"Atalalamika vipi na unampangusa kwa kitambaa laini? Mimi umenipangusa lini?"

Mwalimu aliona heri kujibu maswali ya mgeni. Ndiyo, mashine ilimkatikia katika mwaka wa nne wa karakana. Ndiyo, aliipeleka kwa hasira. Kadi ya matengenezo anayo, kwa sababu mtu mwenye akili hatupi karatasi. Aliitoa ndani ya kamusi. Ilikuwa na tarehe, na mwandiko mdogo wa marehemu: *Waya umekatika kwenye kiungio. Kama namba mbili, tatu na tano. Imeongezwa kitanzi. Kuanzia leo zote ziwe nacho.*

"Kabla ya siku hiyo hapakuwa na kitanzi kwenye mashine yoyote?"

"Kama kingekuwapo, yangu ingekatika? Kitanzi kile ni changu, mama. Wanasema ubunifu ni wao. Ubunifu ni wa aliyeumia."

"Na namba moja, iliwahi kufunguliwa ikaongezewa kitanzi?"

"Namba moja haikufanya kazi ya kuukata waya. Marehemu aliiweka kabatini wiki ileile ilipotoka namba mbili. Nilimwomba niijaribu, akaninyima. Miaka ishirini na zaidi ananinyima. Alikuwa mtu mwema, lakini kwa ile mashine alikuwa mchoyo."

Mpelelezi aliipiga picha kadi ile pande zote mbili, mwalimu akatia saini daftarini kwamba kadi ni yake. Sasa alijua jambo moja kwa hakika. Koili iliyokuwa mezani kwa wakili ilikuwa na pumzi, na koili ya namba moja haikuweza kuwa nayo. Mtu alikuwa ameibadilisha.

*

Mdogo wa marehemu alikuwa akisahihisha kijitabu cha historia ya karakana. Jalada lilikuwa na picha yake, ameshika mashine. Pembeni mwa picha ulionekana mkono na nusu ya bega la mtu mwingine aliyekatwa.

"Huyo ni kaka," alisema alipoona mpelelezi anatazama. "Picha haikutosha."

"Ulikuwa hapa tangu mwanzo?"

"Tangu kabla ya mwanzo. Nilitoka mwaka wa pili, tukakosana, nikafungua duka langu. Nikarudi mwaka wa kumi, ofisini. Yote nimeyaandika humu."

"Uliporudi ulisuka tena koili?"

"Mimi? Na wale wanawake kule chumbani? Kazi yangu ni kuuza."

Mpelelezi alitoa mkobani ubao wa vigingi na kibunda cha waya alivyoazima chumba cha koili. "Nisukie kumi tu. Kama ulivyosuka ile."

Mtu yule alimtazama, akatazama mlango, akavua saa. Alisuka kwenda kulia. Mizunguko ilipishana, mmoja ukapanda mgongoni mwa mwingine, lakini alifika kumi. Aliufunga uzi mara moja, akautoa waya moja kwa moja, akaukata.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Koili ni koili, bwana."

"Hakuna kilichobaki?"

"Kibaki nini?"

Mpelelezi alimfungulia daftari kwenye ule mchoro. "Hiki ni nini?"

Aliusogeza karibu, akaugeuza juu chini. "Fundo? Waya umejikunja?"

Miaka yote sita ya vitanzi vya kwanza alikuwa dukani kwake upande wa pili wa mji, na tangu arudi alikuwa hajainamia meza ya koili hata mara moja. Mpelelezi alifunga daftari.

"Ile koili si ya namba moja," alisema. "Na hukuisuka wewe. Ulimwambia wakili umeisuka."

Mdogo wa marehemu alirudisha saa yake mkononi. Ilimchukua muda kuifunga.

"Niliposema, nilijua nasema uongo," alijibu. "Zangu zilikuwa mbili na zote zilikufa. Lakini walipoipasua ikaonekana imekwenda kulia, nilishangaa kuliko wote. Nikasema, kumbe kaka aliirekebisha yangu akaitumia, hakuniambia tu. Siku mbili hizi nimetembea nikijua kaka alitumia koili yangu." Alikisukuma kijitabu kando. "Wewe una kaka mkubwa?"

"Ninaye."

"Basi sina haja ya kukueleza."

Nje, kwenye ngazi, mpelelezi alipiga simu chumba cha koili. Swali lilikuwa moja: tangu mwaka wa nne Mashoto amemfundisha nani kusuka, nje ya wale wanne waliopo?

"Hao wanne tu," Mashoto alijibu. Kisha akasema, "Na Mama."

"Mke wa marehemu?"

"Alikaa na sisi miaka sita, dada. Kwanza alikuja na kitambaa cha kudarizi. Akachoka kudarizi. Mtu hawezi kukaa mahali pa kazi mikono mitupu. Nikampa ubao. Kwa nini?"

"Alisuka kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Na alisuka vizuri, Mungu shahidi wangu. Katika wote niliowafundisha hakuna aliyemfikia."

*

Mjane alimpokea sebuleni, akiwa na kanga nyeusi mabegani. Kabati la kioo lilikuwa tupu, na lilikuwa limefutwa vumbi.

"Shemeji yangu ameshanipigia," alisema. "Analia kama mtoto. Umempata basi mwizi wako?"

"Si yeye aliyebadilisha."

"Mimi mambo ya nyaya siyajui. Mimi ni mke wa mtu tu."

"Kabati hili lina funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Uko kwa nani?"

Mjane aligusa pindo la kanga yake, akauondoa mkono. "Shemeji alikaa humu nusu saa, peke yake."

"Nusu saa inatosha kufuta vumbi. Kupasua plastiki, kutoa koili, kuweka nyingine, kugundisha na kungoja gundi ikauke mpaka isijulikane, hiyo ni kazi ya siku tatu. Wosia ulisomwa lini?"

"Unajua ulisomwa lini."

"Wiki tatu kabla ya wakili kuifuata mashine. Waya wa zamani uliupata wapi?"

Mjane aligeukia kabati tupu. Mpelelezi hakuuliza tena lile swali. Alisema, kwa sauti ileile:

"Nimemuuliza Mashoto kuhusu koili zako. Amesema katika wote aliowafundisha hakuna aliyekufikia."

Mjane alikaa chini.

"Alisema hivyo?"

"Saa moja iliyopita. Wasichana wake wakimsikia."

"Hajawahi kuniambia." Alitazama mikono yake. "Miaka sita nimekaa naye goti kwa goti. Nilikwenda nimfumanie. Watu walikuwa wanasema, kila saa mume wako yuko chumba cha koili. Nikasema nitakwenda, nitakaa, nitaona. Sikuona kitu. Anaingia, anachukua koili, anaishika hivi mbele ya dirisha, anasema, 'Hii ni yako, Mashoto.' Anazijua bila kuambiwa. Siku moja akaishika yangu. Akaniangalia, nikadhani anaijua. Akaiweka chini akasema, 'Hii nayo ni nzuri.' Nayo! Nikaacha kwenda."

"Na wosia?"

"Kwa mkono uliosuka. Mwanamume mzima anaogopa kuandika jina la mwanamke, mpaka afe, na hata akifa bado anaogopa. Ukiogopa kuandika jina la mtu, hujafanya kitu?" Hakungoja jibu. "Nikasema bora shemeji. Shemeji ni mjinga, lakini ni wa nyumbani."

Aliinuka, akaenda kwenye cherehani yake, akafunua kifuniko. Koili aliyoitoa ilikuwa nyeusi kidogo kwa ukongwe, uzi wake umegeuka rangi ya chai. Mpelelezi aliiweka kwenye mwanga, ncha ya kuanzia chini. Mizunguko ilipanda kwenda kushoto, mmoja kando ya mwingine, hakuna uliopanda mgongoni mwa mwenzake. Waya ulitoka moja kwa moja. Pumzi haikuwapo.

"Mbona hukuitupa?"

"Niliipasulia hapahapa mezani. Nilijua kuna kitu ndani. Kikaratasi, unywele, kitu. Mtu hanyimi watu kushika mashine miaka yote hiyo bure. Nikafungua, nikatafuta, nikatia sindano kila mahali." Alivuta kanga. "Waya tu. Kazi nzuri, basi. Ningekuta barua ningeichoma nikalala. Kazi nzuri utaichomaje?"

Mpelelezi aliandika maelezo kwenye karatasi mbili, kwa sentensi fupi, kama alivyokuwa akiandika kituoni: kwamba mjane, akiwa na ufunguo wa pekee, alitoa koili ya asili ya mashine namba moja, akasuka nyingine kwa waya wa zamani alioutoa kwenye sanduku la marehemu, akaiweka mahali pake, kwamba hakuna aliyemsaidia, kwamba koili ya asili imekabidhiwa leo. Aliyasoma kwa sauti. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, akapokea kalamu, akasita.

"Ile yangu," alisema. "Kabla hamjaipasua pale kwa wakili, mliiwasha?"

"Waliiwasha. Wakili alificha funguo zake chini ya zulia."

"Ikalia?"

"Ikalia."

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Mjane alimrudishia karatasi bila saini.

"Hilo hujaliandika," alisema. "Liandike kwanza."

Mpelelezi aliichukua kalamu, akaandika.